Viatu vya Bi Mwanaidi

Gisenyi, Jumatatu, mvua imekatika sasa hivi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako. Bado linakusumbua asubuhi, au yale mafuta niliyompa dereva wa lori yamefika? Na kifua cha Baba kinaendeleaje? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi ya Gisenyi ni ile ile, naamka nakuta mlima umejifunika wingu hadi shingoni. Mjukuu wako Idrisa ana meno manne, na yote ameyajaribu kwenye bega langu. Baba yake, Ramadhani, yuko barazani kwenye cherehani, anakusalimu sana na anaomba usimsahau kwenye dua.

Asha mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua.

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikalia kidogo. Umesema mambo mawili. La kwanza, ile picha ya Idrisa niliyokuletea, kiti chake kina nundu na kimefunikwa shuka, kwa nini sikutafuta kiti kizuri. La pili, umesikia kwamba naingia chumba cha giza na mwanamume asiye ndugu yangu, na unataka niache kazi hiyo, kwa sababu sikulelewa hivyo. Nimekaa na maneno yako wiki nzima. Sitaki kukujibu kwa ukaidi. Nitakueleza yote, halafu neno la mwisho litakuwa lako.

Kwanza kiti. Mama, kile si kiti. Ni mimi.

Mlango wa pili kutoka cherehani ya Ramadhani kuna Fundi Alfonsi, mpiga picha. Kamera yake ni ya zamani, inataka mtu atulie mpaka uhesabu tatu, na mtoto mdogo hatulii. Siku moja alinikuta namnyonyesha Idrisa barazani, akasema, "Mama Idrisa, watoto wanakupenda. Ingia ukae hapa, tukufunike shuka, uwashike." Basi tangu siku hiyo nimekuwa kiti. Watoto wengi wa mji huu wamekaa mapajani mwangu, na hakuna picha hata moja ninayoonekana. Lakini chini ya shuka mtu anasikia. Nilisikia Fundi akisema "geukia dirisha," "shusha kidevu," "ngoja wingu lipite," mpaka nikawa najua atasema nini kabla hajasema.

Na hicho chumba cha giza, Mama, naingia na mke wake, Mama Veronika. Ndiye anayechanganya dawa za kusafishia picha. Fundi mwenyewe ni mzee, anakohoa kama Baba, ananiita binti yangu. Cherehani ya mume wangu iko karibu kiasi kwamba nikipiga chafya ndani, Ramadhani ananijibu kutoka nje. Siku ya kwanza nilipoona uso wa mtu unajitokeza taratibu kwenye karatasi nyeupe ndani ya maji, nilisema "Subhanallah" kwa sauti. Mama Veronika ni Mkristo, lakini alisema "Amina."

Sasa sikiliza kilichonitia wazimu. Mgeni wa hoteli alimwachia Fundi gazeti la picha. Ndani yake kuna bibi kizee, uso mtupu, umejaa karatasi yote, kila kunyanzi na kivuli chake. Sikujua kwamba mtu anaweza kupigwa hivyo. Kwa Fundi watu wote wanasimama mbali, mikono chini, kama wanangoja kuitwa na karani. Nikauliza ni nani aliyepiga. Fundi akasoma maneno madogo ya Kifaransa, akasema, "Ni mwanamke."

"Mwanamke?"

"Eh, mwanamke. Iko hai, anapiga mpaka leo. Bon, lete maji."

Nilileta maji, Mama, lakini nusu niliyamwaga njiani. Tangu siku hiyo kila asubuhi nikifika nafungua lile gazeti kwanza. Kama yupo mwanamke mmoja anayefanya kazi hii, kwa nini wasiwe wawili?

Ndipo akaja Bi Mwanaidi. Huyu ni mke wa mfanyabiashara wa ngozi, watu wa Kasongo, mwanamke mwenye heshima zake na mdomo wake. Amevaa viatu vyeupe vipya kutoka Usumbura. Anataka picha ya kumpelekea mama yake, hawajaonana miaka mingi. Fundi alipoingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera, Bi Mwanaidi akainuka. "Mi siangaliwi na mwanaume aliyejificha. Huyu binti anipige."

Fundi akanitazama. Nikaingia mimi chini ya kitambaa, moyo unapiga kama cherehani. Nikamkumbuka yule bibi wa gazetini. Nikasogeza kamera karibu, karibu kabisa, nikampiga uso.

Ilitoka nzuri, wallahi. Bi Mwanaidi alipokuja kuichukua, akaigeuza, akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Miguu yangu iko wapi?"

Nikasema, "Bibi, nimekuleta karibu, ili mama yako akuone vizuri."

"Mama atalia! Atasema Mwanaidi amekatwa miguu na watu wamenificha! Mi nilileta mutu muzima, we unanirudishia nusu. Na viatu? Viatu nilimvalia nani?"

Watu wakajaa mlangoni. Mume wangu, badala ya kunitetea, nilimwona anacheka nyuma ya kitambaa anachoshona. Fundi aliwatuliza, akamwomba Bi Mwanaidi arudi kesho kutwa, kisha akaniambia polepole, "Akikataa tena, we unarudi chini ya shuka. Kamera si ya kuchezea."

Mama, nilimkasirikia Bi Mwanaidi mpaka jioni. Halafu nikakumbuka barua yako. Na wewe uliangalia picha ukatafuta kilichokosekana. Mama aliye mbali anataka kuona kila kitu, hataki kufichwa hata kidole. Hasira ikaniisha.

Kesho yake nikamfunga Idrisa mgongoni, nikavuka mpaka kwa miguu hadi Goma. Kule kuna fundi mwingine, kijana, anayeweka picha zake kwenye kioo cha duka. Nimezoea kuzitazama kila nikienda sokoni. Anapiga wapagazi wamekaa chini wanapumzika, na uso unauona wazi, na mzigo unauona, na miguu pia. Akatoka nje akasema, "Mama, we unatazama kila siku. Unataka picha?"

Nikamwambia, "Nataka kujua ulisimama wapi."

Akacheka. "Sikusimama. Nilichutama."

Maneno hayo mawili, Mama! Nilirudi Gisenyi karibu nakimbia.

Bi Mwanaidi aliporudi alikuta nimetandika mkeka, ule ulionisukia wewe nilipoolewa, na miguu ya kamera nimeifupisha yote. Fundi akanung'unika, "Kamera hailali chini kama mbuzi," lakini akaniacha. Nikamkaribisha Bi Mwanaidi akae kama anavyokaa kwake. Akavua viatu, kwani nani anapanda mkeka wa mwenzake na viatu? Akakaa, akanyoosha miguu, hina yake inaonekana vizuri. Kisha sote wawili tukatazama vile viatu vimebaki pembeni, peke yao.

"Sasa?" akasema.

Nilijiona tayari chini ya shuka. Lakini yeye mwenyewe alivivuta, akavipangusa vumbi kwa pindo la kanga, akaviweka mapajani, akavishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Na uso wake ukalainika. Nadhani wakati ule alikuwa anamwona mama yake. Nikapiga magoti nyuma ya kamera. "Usipumue, Bibi. Moja, mbili, tatu."

Alipoishika picha aliisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole kutoka usoni hadi kwenye viatu. Mwisho akasema, "Mama atanijua." Halafu akarudia hali yake: "Na haya mashavu yote ni yangu?"

Nakala ya pili aliomba mwenyewe iwekwe dirishani, wenzake waione. Watu wanasimama, wanauliza na huo mkeka umetoka wapi, nami nawaambia Ujiji, kasuka mama yangu. Nyuma ya hiyo picha Fundi ameandika jina langu kwa penseli. Hakuniambia, niliona mwenyewe. Asubuhi iliyofuata akanipa kile kitambaa cheusi cha kamera mkononi, akasema, "Leo tafuta mutu mwingine wa kuwa kiti."

Ndani ya bahasha kuna picha ya Idrisa, nimeipiga mimi. Kiti cha safari hii ni mkwe wako. Ukitazama chini ya shuka utaona kidole gumba chake cha mguu, sikukikata.

Nisalimie Baba, mwambie picha yake nimeshaipanga kichwani. Nisalimie Shangazi Hadija mwenye vitumbua, na Baba Mdogo Juma aliyenifundisha kushika kalamu, aone haikupotea. Msalimie jirani yetu Mama Sikudhani, mkunga aliyenipokea nilipozaliwa.

Mvua zikiisha, Ramadhani atatuleta huko, na Fundi amekubali kuniazima kamera ndogo. Mama, bila radhi yako sitaingia tena mle kwa Fundi, hata nikiwa nimesifiwa na mji mzima. Usihangaike kumwandikisha Asha maneno mengi. Vile viatu vyako vya Idi, ulivyovifunga kwenye sanduku, nikivikuta bado sandukuni nitabusu mkono wako na sitauliza. Nikivikuta vimepanguswa, viko kando ya mkeka, nitapiga magoti nihesabu tatu.

Ni mimi mwanao,
Zaituni, mama Idrisa