Mwanangu Yuko Jukwaa la Pili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako ningali na nguvu ya kushika kalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mgane, naishi kwa mwanangu Takehito na mkewe Chizuru, nina saratani ambayo daktari haifichi tena, na kila asubuhi ya kliniki mkwe wangu hunifungia chakula, wali na achari ya plamu katikati, huku akiniambia, "Baba, foleni ya hospitali ni ndefu, usikae na njaa," nami namshukuru, najikokota hadi stesheni yetu ya Hinokidai, napita getini, nakaa kwenye benchi la jukwaa la kwanza, treni ya kwenda hospitali inakuja, naiacha iende. Nimeichoka ile dripu ya dawa ya saratani, mshauri. Tangu majira ya mvua sijaenda, na nyumbani wanaamini naendelea na tiba. Mhudumu wa getini hunitania, "Mwalimu, leo tena? Treni zetu zimekukosea nini?"

Hilo ningekufa nalo. Lakini ng'ambo ya reli, jukwaa la pili, la treni za mjini, nimemwona Takehito, suti na tai, mkoba magotini, naye anaacha treni zake ziende, na mchana anafungua wali ule ule. Jioni anarudi nyumbani akisema, "Leo ofisini tumekimbizwa mpaka basi," na Chizuru anamcheka, "Pole bosi, mbona viatu havina hata vumbi?" nami nakunywa supu yangu. Nadhani amefukuzwa kazi. Mimi huvaa barakoa na kofia yangu ya kahawia, kwa hiyo hajanitambua. Mwanzoni alikaa mwisho kabisa wa jukwaa, siku hizi amehamia benchi linalonielekea, labda anafuata jua. Juzi nilipokohoa sana alisimama ghafla, nikafikiri leo atapanda treni, lakini kikohozi kilipotulia akakaa. Nikisema nimemwona, nitamvunjia heshima na siri yangu itatoka; nikinyamaza, nitakufa nikimwacha pale peke yake. Nifanye nini?

Kuramochi, Hinokidai

Mzee wangu Kuramochi,

Pole sana. Kuichoka dripu si kosa, mwili ni wako. Ila kumdanganya mtoto wa watu anayeamka alfajiri kukupikia, hapo siwaungi mkono, wewe wala mwanao.

Tena umefundisha watoto kusoma, ukashindwa kuisoma barua yako mwenyewe? Anayefuata jua hasimami ghafla baba yake akikohoa. Barakoa haimfichi mzazi kwa mwanawe, wala kofia anayoiona nyumbani kwenu kila siku. Takehito amekuona zamani. Anaogopa kile kile unachokiogopa wewe.

Basi usimpungie mkono ng'ambo ya reli, na usimsubiri nyumbani. Kesho mwambie yule mhudumu mtani akupeleke kwenye lifti, akuvushe. Kaa kando ya mwanao, fungua chakula chako, uanze wewe: sema habari ya hospitali, ya kazi mwachie aiseme mwenyewe. Mkimaliza kula, vukeni wote, pandeni treni yako mkamwone daktari. Kama tiba hutaki tena, mwambie usoni, uombe dawa ya maumivu. Jioni Chizuru aambiwe yote, nanyi mmeketi mbele yake wote wawili. Atawagombeza. Mvumilieni, ana haki.

Na kama miguu itakataa kuvuka, kaa pale pale kwenye benchi lako, vua barakoa, umtazame. Atavuka yeye.