Kanda ya Koti la Kijani

Mwinjuma, ndugu yangu,

Jumanne nilifungua belo la majaketi ya mitumba pale Tandika, na kwenye mfuko wa ndani wa jaketi moja jeusi, zipu imekufa, nikakuta kanda ya kaseti. Imeandikwa kwa mkono, wino wa bluu, herufi zina vidoti juu na mikia chini, wala si Kiingereza. Unajua nilifanya nini? Nilimwomba jirani aniangalizie meza, nikaanza kutembea kuelekea Mtoni kwenu. Nilikwenda haraka, huku nacheka peke yangu. Nilifika mpaka kwa yule muuza mkaa wa kwenye kona ndipo nikakumbuka kwamba umekufa.

Nikasimama palepale. Muuza mkaa akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, akaanza kunisaidia kutazama chini.

Mpaka leo sijaisikiliza. Sheria uliitunga mwenyewe na hukuniachia ruhusa ya kuivunja: kanda mpya haisikilizwi na mtu mmoja. Ulikuwa unasema wimbo mzuri ukiusikia peke yako huna hakika kama kweli ni mzuri, labda ni njaa tu. Sasa niambie, nifanyeje? Kanda iko juu ya kabati, tunaangaliana kama watu waliogombana.

Mambo yamebadilika, Mwinjuma. Siku hizi kuna redio za watu binafsi, na moja yao kila Jumapili jioni inapiga muziki ule wetu, wa magitaa yanayokwaruza na waimbaji wanaoimba kama walioamshwa usingizini. Mtangazaji anataja jina la bendi, anataja na nchi yao, kitu ambacho mimi na wewe tulikililia miaka yote. Jumapili iliyopita alipiga wimbo wa vijana wa kisiwa fulani cha baridi huko juu kabisa ya ramani. Mwanzo walinong'ona tu, halafu ghafla gitaa likaingia kama mtu aliyesukuma mlango. Nikatupa kiwiko nikupige ubavuni. Kikagonga ukuta, mpaka leo kinauma. Bendi naijua kwa jina, mji wao naujua, na havinisaidii kitu.

Sisi tulikuwa tunajua nini? Hatukujua lolote. Wewe ulikuwa kibarua bandarini Kurasini, unapakua makontena, na kila ulipokwenda kazini ulibeba kwenye mfuko wa rambo vinyago vya baba yangu vilivyoharibika. Mabaharia hawakujali kasoro, wakabadilishana nawe kwa kanda zao. Kinyago chenye sikio moja kilituletea kanda ya Wapolandi. Yule bibi wa mpingo aliyepasuka mgongo akatuletea Wabrazili wanaopiga dramu kwa hasira. Baba yangu alikuwa anacheka, anasema Wamakonde wamehangaika na mpingo tangu enzi na enzi, kumbe dawa ni kuukosea. Nyimbo zenyewe tulizibatiza sisi, maana majina yake hatukuweza kuyasoma. Bati la Jirani. Mama Mkwe Kakasirika. Na ule wa kwanza kabisa, tulioukuta mfukoni mwa koti kwenye belo langu la kwanza, Koti la Kijani.

Vijana wenzetu walikuwa wanatucheka. Wao muziki wa bolingo, sisi, walisema, tunasikiliza mabati.

Nakumbuka siku tuliyouhamisha ule wimbo wa Koti la Kijani. Kanda yake ilikuwa imelika, inakaribia kufa, tukaona bora tuirekodi kwenye kanda nzima kabla redio haijaitafuna. Tulifanya kama tulivyofanya siku zote: redio mbili kwenye kitanda chako zikitazamana, moja inapiga, nyingine inasikiliza, mlango umefungwa, na mtu asikohoe. Hukuweza, Mwinjuma. Hata siku moja hukuweza kunyamaza. Kila tulipofika pale patamu, ulikuwa unaropoka. Nilikuwa nakasirika kwelikweli. Nilikwambia hakuna kanda hata moja katika Dar es Salaam nzima ambayo hujaiharibu.

Halafu malaria ikakupanda kichwani. Mimi niliyejua kufufua betri kwa kuzianika juani, niliyejua kuunga kanda iliyokatika kwa gundi na wembe, nilikaa miguuni pako nikiwa nimeshika soksi zako. Ndicho nilichoweza, kushika soksi. Ukaniambia, "Bene, usifungue belo bila mie." Asubuhi yake tukakuzika, na jeneza nililibeba zamu mbili kwa sababu niliogopa kuliachia.

Nyumba yenu ilikaa kimya, redio imefunikwa kitenge. Sikuuliza habari za kanda. Nilisubiri arobaini ipite kwanza, nikala ubwabwa wa arobaini yako pale uani pamoja na watu wa msikitini, na nilipoona mzee wako amekaa peke yake barazani nikamsogelea. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, akanivuta nikae. Kabla sijafungua mdomo akaniambia ana habari njema.

Zile kanda zako zote, alisema, amezipeleka kwa ustadhi. Zimerekodiwa Qur'ani na mawaidha, zimegawiwa kwa watu, misikiti kadhaa. "Kila atakayesikiliza, thawabu zinamwendea mwanangu. Ni sadaka inayoendelea, Bene." Alikuwa anatabasamu. Tangu ufe sikuwa nimemwona akitabasamu.

Vile vidude viwili vya mgongoni mwa kanda, tulivyokuwa tunavivunja ili mtu asirekodi juu yake, nani asiyejua dawa yake? Mzee wako alikuwa ameketi na mkasi na magazeti, amekata vikaratasi, amevishindilia kwenye kila tundu. Peke yake. Kwa mikono yake mwenyewe.

Ningesema nini? Niseme anirudishie Wapolandi? Nimnyang'anye mzee thawabu za mwanawe kwa ajili ya watu ambao hata lugha yao siijui? Nikasema, "Mungu ampokee." Akaitika, "Amina." Nikanywa kahawa yangu ikiwa ya moto hivyohivyo, nikarudi Tandika. Nililia njiani kama mtoto, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumkasirikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kumwangalia. Sikuwa na sababu nyingine ya kupita Mtoni. Na jana, nikiwa bado nina ile kanda mpya kichwani, nilikwenda tena. Kanda moja tu ilikuwa imebaki nyumbani, hiyo mzee huisikiliza kila siku akitoka kuswali alasiri. Ilikuwa ndani ya redio alipoifungua aigeuze, nikaiona. Nikaijua kwa ule ufa wa kwenye pembe, wa siku ulipoikalia. Koti la Kijani.

Kisomo kikaanza, sauti nzuri, ya taratibu. Mimi ni Mkristo, sielewi maneno, lakini nikainamisha kichwa nikasikiliza. Mzee huwa anazima kisomo kikiisha. Jana hakuzima, alikuwa amesinzia. Kisomo kikaisha, kanda ikaendelea kuzunguka, na mimi mgeni nikaona si adabu kugusa redio ya mwenyewe. Ukapita mkwaruzo, ukapita mlio wa tak.

Halafu gitaa.

Ustadhi hakuijaza kanda, Mwinjuma. Kisomo kilikuwa kifupi kuliko kanda. Kule mwishoni kimebaki kipande, kifupi, hata chai haiwahi kupoa. Gitaa linapanda, mwimbaji anaimba, kuku wa mama yako wanalia, kinu kinatwanga, na wewe, juu ya yote hayo, unaropoka: "Bene, hapa! Hapa hapa, sikiliza!" Kisha sauti kali kutoka uani: "Mwinjuma! Zima hayo mabati!" Na wewe: "Naam baba, nazima!" Na kicheko chako umekibana puani. Na gitaa likaendelea.

Mzee alikuwa amefumbua macho. Nilishtuka, nikanyoosha mkono nizime, maana nilihisi kama nimefumaniwa. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. "Acha."

Kanda ikafika mwisho, ikajizima. Mzee akaitazama redio.

"Hakuzima," alisema.

"Hakuzima, baba."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasema tena, rudisha. Tukasikiliza mpaka betri zikaanza kuchoka na sauti yako ikawa nzito, ya polepole, ya mtu mzima ambaye hutakuwa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akaniuliza yule mwimbaji anasema nini. Nikamwambia sijui, hatukuwahi kujua. "Sasa nyie mlikuwa mnasikiliza nini miaka yote hiyo?" Labda wewe ungempa jibu.

Kabla sijaondoka alichukua njiti ya kibiriti, akaichokoa ile karatasi aliyoishindilia mwenyewe, tundu la kwanza na la pili, akaitupa uani. Kwa hiyo kanda iko salama, ndivyo anavyoamini. Hajui kwamba kila akirudisha inalika. Najua mimi, na sina moyo wa kumwambia. Kumkataza siwezi, na kukuzuia usiishe siwezi.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayokuahidi, na ni machache. Ijumaa, wakitoka msikitini, nakwenda Mtoni na redio ya pili. Nitaziweka zitazamane kitandani kwako, nihamishe kile kipande chako kwenye kanda nzima. Najua ukihamishwa utasikika kwa mbali kidogo, na nikikuhamisha tena utakuwa mbali zaidi. Lakini nitanyamaza, sitakohoa.

Halafu nitatia ile ya jaketi jeusi, tuisikilize, mimi na mzee wako. Sitaisikiliza peke yangu, sheria yako nimeishika. Sijui kama ni nzuri. Sijui hata kama kuna kitu ndani. Ila redio ya pili itakuwa inarekodi na mlango nitauacha wazi, kuku waingie na kinu kiingie, na tukifika pale patamu nitasema kwa sauti, hapa, Mwinjuma, hapa hapa.

Lala salama, ndugu yangu. Na mzee akichoka akaniambia nizime mabati, nitaitika naam, baba, nazima. Na sitazima.

Bene