Mikoko Inayopandwa Ife

Sitio Pantalan,
Kisiwa cha Guimaras,
Ufilipino.
Oktoba 24, 2019.

Mpendwa ndugu yangu Teryo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini kifua chako kimepona, na kwamba wameacha kuwapandisha juu ya matangi saa za jua kali huko ng'ambo, Jubail. Sisi tu wazima. Goti la mama bado linamsumbua, lakini Jumapili alishinda jikoni, akapika mbaazi kwa nyama ya nguruwe na fenesi, akakutajataja mpaka chakula kikapoa. Mkeo Merlinda hajambo. Paa la nyuma limepigiliwa misumari upya, kwa hiyo dhoruba za mwisho wa mwaka zikija hazitatukuta tumelala.

Barua hii anakuletea Artemio, jirani yetu, anayerudi kazini huko Jumamosi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu, kila nikianza kusema jambo zito, mtandao wako unaharibika. Karatasi haina mtandao, Teryo. Keti uisome.

Nimekasirika. Nimewakasirikia watu wengi, na wewe umo.

Unajua kwamba binti yako Terlinda ametakiwa aombe radhi shuleni. Sababu hukuiuliza, basi nitakueleza.

Kila Juni, mwezi wa mazingira, malori ya kampuni ya saruji huja shuleni. Watoto huvalishwa fulana, hupelekwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, na kila mmoja hupewa fungu la mbegu za mkoko, zile ndefu kama rula. Wanazichomeka kwenye tope kwa mistari iliyonyooka kama makaburi ya askari. Bango linashikwa, picha inapigwa, wali na kuku vinaliwa, watu wanarudi makwao. Hilo ndilo somo la mazingira la mwaka mzima.

Sasa sikiliza upumbavu wake. Pale wanapochomeka hapajawahi kuota mkoko tangu enzi za babu zetu. Ni malisho ya nyasi za baharini, palepale mama alipokuwa akituokotea kome. Maji yakijaa yanaifunika miche kupita kiasi, mawimbi yanaipiga, vigamba vya bahari vinaing'ang'ania mpaka inalala, na nyasi zimeshakanyagwa bure na mamia ya viatu. Juni inayofuata malori yanarudi palepale, kupanda juu ya maiti za mwaka jana. Na mkoko wanauchagua kwa sababu mbegu yake ni rahisi kushika na mche wake unapendeza pichani. Mlilana, ambao ndio mti wa kukaa mbele ya bahari, mbegu yake ni ndogo, unataka kitalu na subira, na subira haipigwi picha. Ardhi ya mikoko halisi iko nyuma ya ufuo, lakini ilichimbwa mabwawa ya kufugia samaki zamani. Mabwawa yametelekezwa, ila wenye mabwawa bado wapo, wananenepa, na hakuna kiongozi hapa mwenye ubavu wa kuwagusa.

Hayo ndiyo Terlinda na wenzake wawili waliyoyachunguza kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya wilaya. Tangu Juni walikuwa wakishuka topeni kila wikendi. Walifunga vipande vya gunia kwenye miche ili waijue, wakaona karibu yote ikifa. Kisha wakalinganisha na bwawa moja ambalo kingo zake zilibomolewa na dhoruba. Humo mililana na michu, mti mwingine wa topeni, imejiotea yenyewe, bila fulana wala hotuba. Wakahitimisha: ziacheni nyasi, bomoeni kingo za mabwawa, miti itajipanda. Mwalimu wao wa sayansi, yule kijana Deogracias, alifurahi mpaka akawanunulia barafu za maziwa wote watatu. Siku hizi akiniona njiani anavuka upande wa pili. Ana mkataba wa mwaka mmoja, maskini, na ameshaitwa ofisini.

Merlinda naye aliitwa na Mwalimu Mkuu, Bi. Subong, aje na mtoto. Mimi nilijialika.

"Terlinda mwanangu," Bi. Subong akaanza kwa sauti ya kanisani, "hadubini za maabara yetu alitupa nani?"

"Kampuni, mwalimu."

"Na wewe umewalipa nini? Fadhila ya punda ni mateke?"

Nikaingilia. "Hizo hadubini ziko wapi, Bi. Subong? Natamani kuziona."

"Zimehifadhiwa kabatini. Watoto wataziharibu kabla wakaguzi hawajaja."

"Bado zimo kwenye nailoni zake," Terlinda akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka uwanjani. Merlinda akamfinya paja.

"Umesikia adabu hiyo?" Bi. Subong akamwambia mkeo. "Hayo ndiyo matunda ya kulelewa na shangazi anayegombana magazetini."

"Nagombana kwa jina langu," nikamjibu. "Sijifichi nyuma ya bango la saruji."

Hukumu ikatoka. Kazi yao ibadilishwe jina iitwe "Faida za Kupanda Mikoko", na hitimisho lifuate jina. Na Jumatatu ya kwanza baada ya Siku ya Wafu, bendera ikishapandishwa, Terlinda asimame mbele ya shule nzima amwombe radhi mgeni wa kampuni. Asipofanya hivyo, kazi yao inaondolewa kwenye maonyesho, na wenzake wawili wanakosa nafasi pamoja naye.

Nimesoma mambo mengi ya aibu kuhusu elimu katika nchi hii, lakini sijakutana na aibu iliyokamilika kama hii. Wanawaletea watoto vyombo vya kutazamia, wanavifungia. Watoto wanatazama kwa macho yao matupu, wanaona, na wanaambiwa waombe radhi kwa kuona. Halafu kila mwaka tunasikia hotuba kwamba vijana wetu hawapendi sayansi!

Lakini Bi. Subong simwandikii barua hii. Ninakuandikia wewe, uliyempigia mtoto ukamwambia, "Omba radhi yaishe, mwanangu. Tuna deni la shukrani kwa watu wale."

Teryo, deni la shukrani nalijua. Wote tumelelewa nalo. Mtu aliyemhifadhi mama nyumbani kwake wakati wa tufani nina deni lake mpaka kaburini, na watoto wangu watalirithi, na nitalilipa nikicheka. Hilo ni deni la mtu kwa mtu. Kampuni iliyomega kilima chetu ikatuachia vumbi haikunikopesha utu wowote kwa kuniletea fulana. Usichukue kitu bora tulichoachiwa na wazazi ukakifanya kamba ya kumfunga mtoto mdomo.

Nilijaribu mwenyewe kumzuia Terlinda asiombe radhi. Jana alikuwa akipiga pasi sare yake, huku anayakariri maneno ya radhi kwa sauti ya chini. Nikamwambia asithubutu.

"Shangazi, wewe unapenda ugomvi tu. Ukikosa wa kugombana naye unagombana na redio."

"Redio nayo huwa inakosea."

Akacheka kidogo, kisha akaiweka pasi chini. "Baba amesema. Baba hanioni, Shangazi, ananisikia tu. Akisikia nimemkaidi, hicho ndicho atakachobaki nacho juu yangu huko aliko."

Unanijua, ndugu yangu. Siku nyingine ningegombana. Jana nilichukua pasi nikaimalizia sare mwenyewe.

Ndiyo maana nakuandikia. Simwezi, kwa sababu anaogopa kukupoteza wewe. Mpigie kabla ya Jumatatu hiyo. Usimtajie shukrani, usinitaje mimi. Muulize aliona nini kule topeni, halafu nyamaza mpaka amalize. Atachukua muda, ana mengi, na hakuna mtu mzima aliyemuuliza. Akishamaliza, kama bado unataka aombe radhi, mwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba alichokiona hakukiona. Mimi sidhani utaweza.

Nisalimie Dionesio na Manuelito mnaolala nao chumba kimoja, na umwambie Manuelito kwamba mama yake ametoka hospitali na anakula vizuri. Merlinda anakusalimu. Mama anakuwekea mkono kichwani kwa mbali na kukuombea. Mungu akukinge na joto la huko, akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Visitacion