Hindi Lililoinama

Mpendwa mjukuu wangu Nekesa,

Huku kijijini Kwanza hatujambo. Babu yako bado anatafuna mahindi ya kuchoma kwa yale meno yake matatu, na hataki kusaidiwa. Unauliza kwa nini kielelezo chako cha paa la nyumba, ulichochora ukiiga maganda ya hindi na kukichapisha kwa ile mashine inayochapa vitu vya plastiki, kinavuja.

Nikiwa msichana, mvua ilitunyeshea wiki nzima kabla ya kuvuna. Nikamenya hindi lililosimama wima: limeoza, maji yameingilia nchani. Nikamenya lililoinama: kavu kabisa! Mama akacheka, "Si likikomaa linajiinamia lenyewe?"

Mchoro wako ni wa hindi bichi, ncha juu. Umechora vizuri, mjukuu wangu. Geuza karatasi tu, ncha iangalie chini, uchapishe tena. Nakuja huko chuoni kwako Kibabii na ndoo ya maji, tulimwagie hilo paa pamoja tuone kama litavuja.

Nyanya yako