Kiti cha Kinyozi na Saa za Ndege

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko nywele zilizotapakaa sakafuni kwangu hivi sasa. Hujambo, na shemeji yule mnene, bado anakoroma? Mimi mzima, ila goti la kushoto limejipa cheo, haliinuki bila kubembelezwa.

Barua yako nimeipata na ukali wake wote. Unasema bintiyo amefeli mara mbili mtihani wa kurusha ndege kwa kutazama saa tu, ni mvivu, na akifeli tena aache urubani arudi nyumbani. Tulia kwanza.

Hizo saa si za kusoma wakati, ni vipimo sita vya mshale vilivyokaa mbele ya rubani. Ya mwendo hupokea upepo kwa kijibomba cha nje. Ndege ikikaza mbio, upepo unasukuma na mshale unapanda. Ya kimo ina kikopo kilichozibwa. Huko juu hewa ni nyepesi, basi kikopo kinavimba kama tumbo la shemeji na kusogeza mshale. Ile inayoonyesha ndege ikilala upande ina pia ndani, kama zile tulizochezea utotoni. Pia hiyo ikizunguka kwa kasi haikubali kuinamishwa: ndege inalala, yenyewe wima.

Kwenye mtihani mwanafunzi huvalishwa kofia ya ukingo mrefu asione nje. Bintiyo mara zote mbili, akitoka kwenye kona ndefu ya kushoto, alihisi ndege inapinda kulia, akairudisha kushoto. Kumbe ilikuwa imenyooka. Mwalimu akamnyang'anya usukani, akamweleza kwamba mwili hudanganya.

Aliponisimulia hayo hapa kazini kwangu, mimi nilibisha. Bintiyo akaniambia kwa adabu zote, Mjomba, hebu kaa kwenye kiti chako. Akanifunika taulo usoni, akanizungusha kushoto mpaka nikazoea. Kisha nikawatangazia wateja kwamba sasa ananirudisha kulia. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana kiti kilikuwa kimesimama zamani. Mmoja, povu shavuni, akauliza kama atakayemnyoa ni mzee huyuhuyu.

Tangu hapo ikawa kazi ya kila jioni. Nachora saa kwa sabuni kwenye kioo, namzungusha, nasimamisha, naondoa taulo. Kichwa kinamwambia kulia. Mimi namuuliza kioo kinasemaje. Mwanzoni alikuwa anashika mikono ya kiti kama anayezama. Baadaye akawa anajibu huku ananikosoa mchoro.

Juzi amerudia mtihani. Amefaulu.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Kabla ya mtihani wa kwanza aliniomba ushauri. Mimi, niliyeishia darasa la nne, nikamwambia rubani wa kweli huisikia ndege kwa makalio, saa ni za waoga. Akanitii. Alifeli kwa kunitii, mdogo wangu, mara mbili, na mwalimu alipouliza nani kamfundisha upuuzi ule, hakunitaja. Hata barua yako ya kumwita mvivu aliisoma akaikunja, akaja kunipikia chai.

Basi yale maneno yahamishie kwangu, nitayapokea nikiwa nimekaa. Yeye mwandikie upya, leo hii, na kwenye bahasha utangulize neno Rubani, ili mpeleka barua naye ajue.

Nisalimie shemeji, akiamka.

Ni mimi kaka yako,
Kinyozi