Jina la Mama Mlangoni

Kijiji cha Mafundi wa Makaburi,
Ng'ambo ya Magharibi, Thebe.
Mwaka wa kumi na saba wa Farao wetu,
mwezi wa tatu wa Mafuriko, siku ya tisa.

Mpendwa kaka Kenna,

Amoni akupe uhai na afya huko Kushi. Hujambo? Macho yako yanaendeleaje na vumbi la mawe ya hekalu? Sisi hatujambo. Mume wangu Nakhi anakohoa kama kawaida yake, watoto wanakula. Mto umepanda vizuri mwaka huu, ila punda wanaobeba maji wanachelewa kufika huku mlimani, na wanawake tunagombania mitungi.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nina hasira na wewe.

Barua yako ya rambirambi ilifika. Umeandika, "Mlazeni mama vizuri katika kaburi lake." Kaburi lipi, Kenna?

Unaikumbuka siku uliyoondoka? Mama alikushika mkono, akakupeleka kwenye lile kaburi alilopewa na babu, akakuonyesha mwimo wa mlango mahali pa kuandika jina lake. Wewe unayeandika majina ya wafalme ambao hata sura zao huzijui, ulicheka. "Mama, una haraka ya kwenda wapi? Nikirudi nitaandika." Ukapanda mashua ukaenda zako.

Basi mama akiwa bado kwenye chumvi kwa wakaushaji maiti, siku sabini hazijatimia, Pashedu mtoto wa mjomba alipanda kaburini na brashi yake akaandika jina lake mwenyewe mlangoni. Nilipofika rangi ilikuwa mbichi. Akaniambia, hana haya hata chembe, kwamba kaburi lisilo na jina ni la mwenye wino.

Wazee wakasema tumuulize mungu siku ya maandamano, sanamu yake inapobebwa mabegani. Nikasimama katikati ya njia, mbele ya machela yake, nikauliza watu wote wakisikia: kaburi ni la mama yangu? Akija mbele, ndiyo. Akirudi nyuma, siyo. Alikuja hatua mbili, Kenna, nilizihesabu! Kisha bega la mbele kulia likavuta, na machela yote ikarudi nyuma. Na nani alikuwa amebeba mbele kulia? Pashedu.

"Dada, kwani unabishana na mungu?" akanicheka.

"Na mungu sina neno. Nabishana na bega lako, mwizi wewe!"

Watu waliokunywa bia ya mama miaka yote waliinamisha vichwa.

Juzi tumemzika kwenye kaburi la wakwe zangu, amebanwa kwenye kona, miguuni pa mama mkwe ambaye hawakupatana naye hata siku moja.

Jeneza tulilipata limekwisha kupakwa rangi, na mahali pa jina pameachwa wazi. Wazi tena! Asiyetajwa jina huko aendako amepotea, na waandishi wote hapa ni watu wa Pashedu. Nikachukua kalamu yako uliyoisahau, nikaandika mwenyewe kama ulivyonifundisha kwenye vigae tulipokuwa wadogo. Nililia nikiandika. Ile alama ya ndege katika jina lake imekaa kama bata mwenye njaa. Lakini linasomeka. Ukirudi, usithubutu kulisahihisha.

Nakhi anakusalimu. Shangazi Tui anakusalimu na anasema usiache kula vitunguu. Pashedu hajatuma salamu, na angetuma nisingeziandika. Amoni akukinge na jua na nge, akurudishe mzima, nipate kukugombeza ana kwa ana.

Chini hapa nimeliandika jina la mama kama lilivyo kwenye jeneza. Litamke kwa sauti, ndipo uikunje barua.

Dada yako akupendaye, ingawa leo hasira imetangulia,
Tameki

Hunero