Niliandika Nimemzaa Mimi

Mpendwa mshauri Amalie,

Naomba msaada, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, maana nina hasira ya kutosha mji mzima. Mwaka jana walikuja watafiti wa moyo, wakasema vinasaba vya watu wetu wa Aktiki havijachunguzwa vya kutosha, ndiyo maana jamaa zetu wanaanguka ghafla na hakuna anayejua sababu, nikafurahi, nikatoa damu, mume wangu naye akatoa, kisha dada mmoja wao aliyeshika fomu akauliza kuhusu watoto, nikamtaja Tukummeq wangu wa miaka kumi na mitano aliyekuwa amekaa pembeni yangu, akamkagua juu mpaka chini, akasema, "Huyu umemzaa mwenyewe?" Mshauri, Tukummeq alizaliwa na dada yangu Bibiane, akanipa akiwa na siku tatu kama watu wetu wanavyopeana watoto tangu zamani, mji unajua, mtoto anajua, hakuna siri, lakini kuulizwa vile mbele yake damu ilinichemka, nikachukua kalamu nikaandika nimemzaa mimi.

Sasa majibu yametoka, mimi na mume wangu hatuna kasoro ya moyo, barua inasema basi mtoto wetu hana haja ya kupimwa, na wiki hiyohiyo Bibiane, aliyetoa damu naye, ameambiwa yeye anayo, ni ya mapigo, moyo unaweza kusimama mtu akijitosa kwenye maji baridi, akanipigia akilia kwamba nimpeleke mtoto, nami nikamjibu maneno yasiyoandikika gazetini kwa sababu niliona anamdai mtoto wake, na Tukummeq ana mashindano ya kayaki mwezi ujao, kila jioni anajipindua na mtumbwi wake kichwa chini baharini na kuibuka, nami nasimama ufukweni nikihesabu sekunde, sijamwambia kitu, kwani ili apimwe lazima nirudi kwa yule dada nifute nilichoandika. Nifanyeje?

Mama Tukummeq, Maniitsoq

Mama Tukummeq,

Barua yako imenipandisha hasira. Unahesabu ufukweni, halafu unaniuliza mimi ufanyeje?

Haki yako nakupa. Swali liliulizwa kwa dharau, na anayekuja kuchunguza mioyo yetu ajue kwanza tunavyolea. Ningekuwa mimi ningemwonyesha mlango. Lakini kinasaba hakijui nani alimshonea mtoto buti za ngozi. Kinajua tumbo alilotoka, basi. Wewe umeficha tumbo hilo ili umkomoe mgeni, na mgeni mwenyewe amekwisha kwenda zake kwao.

Na Bibiane hakukudai mtoto. Anaogopa kwamba amemrithisha ugonjwa, nawe ukamtukana. Mpigie umwombe radhi, umalize.

Lakini kwanza nenda ufukweni sasa hivi umtoe majini. Mwambie yote, ni msichana mkubwa. Kayaki isiguse maji mpaka daktari aupime moyo wake na damu yake. Piga simu hospitali leo, usimtafute yule dada wa fomu, sema: "Mimi ni mama yake, aliyemzaa ana kasoro ya moyo, nataka apimwe wiki hii." Huenda hana. Akiwa nayo, kuna dawa na kuna miiko, lakini si kwa mtu asiyejua. Akishapimwa, waandikie watafiti barua kali, nami nitaichapa hapa bila kupunguza neno.

Tukummeq atanuna. Atabamiza mlango, atakwambia Bibiane angemruhusu. Neno hilo litakuchoma, na usimjibu. Mtoto anayenuna anapumua.

Amalie